Shoto

Brno, Februari. Theluji imelala juu ya reli za tramu.
Drahomíra anatia chumvi katika kichupa,
tone, tone tena, hadi maji yawe makali kuliko machozi,
na kwenye skrini mstari uliokuwa kilima
unashuka, unasita, unakuwa bonde.

Uzi umegeuka.
Ule uliosokotwa kulia tangu jadi
sasa unakwenda shoto, kwa mishtuko,
kama zipu iliyong'ata kitambaa.
Na si popote: ni pale kizingitini mwa jeni,
herufi chache kabla ya neno la kwanza,
panapoamuliwa lisemwe au limezwe.

"Kosa la kipimo," asema Bohuslav, hata koti hajavua.
Hamjibu. Anarudia. Bonde lilelile.

Darasa la pili, Mwalimu Hrubá
alimfunga mkono wa kushoto kwa soksi ndefu
nyuma ya kiti, mwaka mzima.
Akajifunza kuandika kwa huu mwingine:
hati nzuri, ya kuazima.

Vitabu vilichora ngazi moja tu, ipindayo kulia,
na chini kabisa, kwa wino mdogo: yasiyo ya kawaida.
Kumbe uzi una mafundo ya pande nne, una vitanzi,
hujikunja ukivutwa na kazi,
kisha hujinyoosha, kimya, kama hakuna kilichotokea.

Anafungua daftari. Saa nne na dakika kumi.
Bohuslav amekwenda kutafuta kahawa.
Anahamisha kalamu.