Ardhi Isiyorudisha Mwanga

Miji mingine, jua likianguka chini
linadunda, linarudi juu kama mpira,
linafuta giza la kidevu bila kuombwa.
Hapa Goma chini ni lava.
Jiwe jeusi linakunywa mwanga, halirudishi chenji.
Kila uso unaoniingilia Birere
unafika na deni chini ya macho.

Ndiyo maana mlangoni nimetandika viroba vya unga,
nimevipasua, nimevigeuza upande mweupe,
nimevikandamiza kwa mawe yaleyale meusi.
Watoto wa jirani huniita Baba Viroba.
Waache.

Kavugho alikuja saa tatu,
makala yamelala ndani ya kucha, sabuni imeyashindwa,
liputa la buluu kiunoni, shati jeupe la kuazima.
"Uniweke mweupe kidogo," akasema,
"kama yule wa kwenye kibao chako."

Yule wa kwenye kibao ni kosa langu la mwaka wa kwanza:
nilipimia ukuta wa kivulini, sikupimia uso.
Mwanga ukamla pua, ukamla mashavu,
yakabaki macho, midomo na hereni.
Watu wanalipenda kosa lile. Limenilisha.

Nikamwambia: keti. Geukia dirisha, nusu tu.
Si hivyo. Kama mtu aliyesikia jina lake
na hana haraka ya kuitika.
Lile shati nikamwomba alifunike,
kwa sababu jeupe ni lafi,
kamera hulisikiliza lenyewe tu, na ngozi inazama.
Akajifunga liputa mabegani.
Buluu nayo ikapanda shingoni,
kidevu kikawa cha mtu aliyenyeshewa njiani.

Nilikaa nikimtazama bila kubonyeza.
Kahawia, ndiyo, lakini kahawia gani?
Kwenye kope palikuwa na zambarau,
kwenye sikio, jua lilipopenya, wekundu wa kaa lililopulizwa,
na ndani ya jicho dirisha langu zima, dogo,
nami humo nimeinama.

Kisha paji la uso.
Mfereji mwembamba, kutoka sikio hadi sikio,
kazi ya kamba ya gunia, miaka kumi na mmoja.
Kivuli kilikuwa kimejilaza humo kama mwenye nyumba.
"Hicho kitoe," akasema.

Nikasogeza kiroba. Kikapungua, hakikutoka.
Nikamgeuza uso kwa uso na mlango:
mfereji ukapotea, na yeye ukampoteza.
Akawa sahani.
Nikapiga hiyo, maana ndiyo aliyoilipia.
Nikamrudisha dirishani, kwa ajili yangu.

Hapo ndipo chukudu lilipopita,
limeinama kwa mzigo wa bidoni za manjano zilizojaa maji,
kijana anasukuma, anatukana mlima.
Jua likagonga zile bidoni
likaruka mlangoni, juu ya viroba, likaingia chini ya kidevu,
buluu ikakimbia,
na ule mfereji ukawa mstari uliochorwa na mkono
wenye uhakika.
Nikabonyeza mara moja.
Ya pili ilikuta giza.

Aliitazama kwenye kioo cha kamera, kimya,
kidole chenye makala hakikugusa.
"Rangi hii umeitoa wapi?"
"Imepita barabarani."
Akacheka, akalipa nusu. Nusu ya pili italetwa na makala.
Ile nyeupe itakwenda Butembo, kwa wakwe.
Hii nyingine akaifunga ndani ya liputa.
"Hii isionekane," akasema. "Inanijua mno."

Tangu siku ile nimenunua bidoni tatu za manjano.
Kila asubuhi nazipanga mlangoni, nazipangusa vumbi,
nazigeuza huku na huku kufuata jua.
Hazifanyi kitu.
Labda nizijaze maji. Labda ni lazima zipite.