Mkate wa Sungura

Ewald amekuja na mswaki.
Wake mwenyewe, mkuukuu, manyoya yamelala upande mmoja,
na ndoo iliyovuja njia nzima kutoka bombani.
Anapiga magoti juu ya gazeti, anaanza na A.
Kuvu imeota ndani ya tumbo la A.
"Mlevi," anasema, anasugua.
L. "Katili." Anasugua.
O, anazungusha mswaki taratibu,
kama anayemwosha mtoto sikio.
"Aliuza baiskeli yangu. Aliuza hata kengele yake."
J. Z.
Alojz. Baba yetu anang'aa herufi moja moja.

Leo ni siku ya Watakatifu Wote,
mji mzima wa Ruda umehamia makaburini
na makoti yake ya heshima,
taa za vioo vyekundu, krisantemu ndani ya vyungu,
na moshi wa makaa umetulalia vichwani kama kawaida.
Watu wananong'ona. Sisi pia tunanong'ona,
ila sisi tunamteta maiti.
Eti aliyekufa hana kosa.
Alilipeleka wapi?

Hildka amekumbatia chungu cha maua, hajakitua.
"Baba alipiga. Sawa, alipiga.
Lakini mama alifunga dirisha.
Kwanza alifunga dirisha, majirani wasisikie,
ndipo akaja kulia."

Hapo Ewald akaacha kusugua.
Jina la mama liko chini ya la baba.
Hakuna aliyeligusa bado.

Mimi ni kitinda mimba.
Nilizaliwa mapafu ya baba yamekwisha kujaa vumbi,
daktari amemkataza chupa, naye, ajabu, ametii.
Alirudi zamu ya asubuhi, macho yamezungukwa na wanja wa mgodini
usiotoka kwa sabuni,
akafungua mkoba: kipande cha mkate alichokisaza,
kimekauka pembeni, kinanuka grisi na chini ya ardhi.
"Huu kautuma sungura. Nimekutana naye njiani."
Nikaula nimesimama.
Sijaonja keki iliyoushinda.

Lila na fila havitangamani, wanasema.
Kwa baba yetu vilikula sahani moja,
vikapokezana koti.

Nilitaka kuwaambia. Nikakitazama kidole kidogo cha Hildka
kisichonyooka tangu mwaka wa sabini na moja,
nikafumba mdomo.
Kisha nikaogopa:
labda hivi ndivyo dirisha linavyofungwa.

Nikasema. Mkate, sungura, mkoba, vyote.

Ewald alikuwa amechuchumaa, maji yanamchuruzika kiwikoni.
"Sungura," akasema.
"Kwetu hakupita."
Hakuwa na hasira. Akafikiri.
"Ulikuwa umepakwa kitu?"
Mafuta ya nguruwe, nikamwambia. Na chumvi kidogo.
Akatikisa kichwa polepole,
kama mtu anayesomewa wosia
wa nyumba aliyowahi kupanga chumba.
Hildka akaanza kucheka, akacheka hadi kamasi zikamtoka,
akazipangusa kwa karatasi ya maua.

Jina la mama tulilisafisha kwa zamu, mswaki mmoja.
Gertruda ni jina refu.
Hakuna aliyesema neno, zuri wala baya,
na sijui kama hiyo ilikuwa huruma
au ndiyo hukumu yenyewe.

Taa ya tatu ilikataa kuwaka. Tukaiacha.

Langoni tukakutana na Bi Kowolik wa ghorofa ya pili,
ambaye chumba chake cha kulala kilikuwa chini ya jiko letu
miaka ishirini na sita,
dari yake juu yake, sakafu yetu.
Ameshika fimbo na mfuko wa mishumaa.
Akatutazama mmoja mmoja, akachelewa kidogo kwa Hildka.
"Wazazi wenu," akasema, "walikuwa watu wema.
Watulivu."

"Asante," tukajibu,
sote watatu, kwa mpigo,
kama tulivyofundishwa.