Zamu ya Maji, Uru

Niliandika kwa penseli, nyuma ya daftari la michango:

kwa kila kaya ya mferejini
    zamu ikifika, fungua
    yakitosha, funga
    kukiwa na msiba, wafiwa kwanza
rudia hadi mvua

Si lugha ya kompyuta. Ni ya mtu
anayejua cha kusema, hajui pa kuweka mabano.
Umeme uliporudi saa nne usiku, nikaipa mashine.
Chai haijapoa, ikanirudishia
mistari arobaini na mmoja,
imenyooka kama kahawa iliyopandwa kwa kamba.

Nikabonyeza. Ikakubali.
Kaya kumi na tisa, kwa Eliaichi hadi kwa Ndekirwa,
kila moja na dakika zake.
Nikacheka peke yangu, kama mwizi.

Kisha nikausoma mstari mmoja mmoja,
kama anayehesabu chenji.
"Yakitosha" ilikuwa dakika hamsini.
"Hadi mvua" ilikuwa tarehe kumi na tano Machi.
Na msiba, msiba ulikuwa siku tatu.

Nani kaiambia tatu?
Mwaka jana maji yalikwenda kwa Mama Aikande
wiki mbili, na hakuna aliyehesabu.
Tulipita na ndoo zetu, tukitazama pembeni.

Siilaumu. Mimi ndiye niliyeacha pengo;
fundi gani atakuachia tundu ukutani?
Nikafuta tatu, nikaandika: uliza.
Ikanijibu kwa adabu zote: nimuulize nani?

Chai imeshapoa.
Nikaweka namba yangu ya simu.