Mwisho wa Mkanda

Niacheni nibishe. Nimelipa shilingi hamsini
mara zisizohesabika kwenye banda la Lukumbuzya, Igogo,
banda lililoegemea jabali, ukuta wa nyuma jiwe tupu
linalotoa jasho masika na kiangazi.
Ninachosema nimekikalia.
Benchi lile lilikuwa na msumari, nilikuwa naujua kwa paja.

Za kutisha za siku hizi zinamwonyesha shetani mzima,
meno, kucha, makamasi,
kama mwenye bucha anayekupimia maini.
Unamwona, unamzoea, unaomba maji ya kunywa.
Za zamani zilikuwa na mlango.
Mlango tu, na kitasa kinachozunguka taratibu,
na mama mwenye gauni la kulalia akiuliza, "Nani?"
Mpaka leo sijui nani.
Usiku ule wadudu wa ziwani waliingia kama moshi,
wakatua kwenye kioo, wakamfunika yule mama uso,
uso ukaanza kutambaa.
Tulipiga yowe hata wachunguliaji wa nje,
ambao hawakulipa chochote, wakatimua mbio.
Nilirudi nyumbani kinyumenyume, macho kwenye ziwa.
Mwongozaji hakulipanga hilo.
Sifa nampa hivyo hivyo.

Kuhusu za kuchekesha mtanikasirikia:
nyingi hazichekeshi.
Mtu kakanyaga ganda, kaanguka, sawa.
Mara ya nne ni nini, degedege?
Aliyetuchekesha ni Nkwabi, mtafsiri,
maiki yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
Kiingereza hana hata cha kusalimia.
Tajiri wa kofia ndefu akafoka dakika nzima.
Nkwabi: "Anadai hela yake ya dagaa."
Mpishi mnene akajibu, akajibu, akajibu, akafuta jasho.
Nkwabi: "Anasema njoo Jumatatu."
Juzijuzi nimeitazama yenye maandishi chini.
Walikuwa wanaongelea farasi.
Farasi!
Nilizima.

Drama sasa, na hapa sitaki utani.
Kulikuwa na moja, mkanda mweusi usio na jina:
baba na binti, nyumba moja, meza moja,
miaka saba hawasemeshani,
chumvi wanasukumiana bila kutazamana.
Inakwenda polepole kama jahazi la mawe. Walevi walitoka, wakatukana.
Mimi nilibaki,
maana kwetu Mabatini tulikuwa na meza kama ile.
Basi, siku moja baba ananyanyuka, anashika kiti,
anafungua mdomo —
chwaaa, chenga tupu,
halafu ngoma, vigelegele,
na Lukumbuzya mwenyewe, kijana, suti ya kuazima,
anamlisha keki Minza katika ukumbi fulani wa Kirumba.
Alikuwa amerekodia harusi yake juu ya mwisho.

Kila mkanda ule ulipochezwa, hakuuzima.
Hata baada ya kumzika Minza kwao Sengerema,
hakuuzima.
Alisimama kando ya deki, kidole juu ya kitufe,
akaiacha keki ifike mdomoni.
Hakuna aliyedai hamsini yake.
Nkwabi mwenyewe, mdomo ule,
aliiweka maiki chini.

Mwaka jana kijana wangu kaipata filamu ile kwenye simu,
safi, haina chenga hata moja,
ina mwisho wake halisi:
baba anaomba radhi, binti analia, mvua inanyesha.
Nimeutazama mara mbili, nisije nikasemwa nina chuki.
Umepigwa picha vizuri. Mvua ni mvua kweli.
Lakini umekosewa.
Baba anafungua mdomo, pale pale,
na kinachotoka ni ngoma,
na mwanamke mwenye shela anacheka,
keki imempaka puani, hajui inarekodi.

Haya, bisheni.