Kabla ya Kubonyeza Anza

Nikishateremsha shata la duka, hapa Kiboriloni,
rimu zimebaki mbili, printa imekohoa wino wa mwisho,
kompyuta ya kuchapia barua za watu
inakuwa yangu.

Inauliza kwanza, kabla ya damu yoyote:
Ramani? Ndogo. Ya kati. Kubwa. Kubwa mno.
Wapinzani? Mmoja hadi saba.

Watu hudhani vita huanza mkuki wa kwanza ukirushwa.
Wapi! Huanza hapa,
na mara nyingi huishia hapa hapa.

Niliwahi kuchagua kubwa mno, na mpinzani mmoja.
Nikajenga. Maghala, visima,
minara minne ya kutazama ukungu.
Saa mbili namtafuta kama mbuzi aliyekata kamba,
wapelelezi wangu wakizeeka njiani,
hadi nikaanza kumtamani, huyo adui,
walau anitukane mpakani
nijue kwamba nina mpaka.
Nilimkuta na vibanda sita na ng'ombe.
Nikamshinda. Sikulala vizuri.

Elinami, mdogo wangu, hupenda ndogo na saba.
"Dada, raha yake ndiyo hiyo!"
Chai haijapoa keshachomwa pande zote nne,
anacheka, anaanza upya, anachomwa tena.
Ana miaka kumi na tisa. Kufa kwake ni bure.

Mimi ni wa ya kati, na watatu.
Napata nafasi ya kukosea mara moja.
Na wawili wakishikana mashati
yupo wa tatu wa kumpelekea salamu
na dhahabu kidogo ndani ya salamu.

Jumamosi tulipanda Uru, arobaini ya baba imepita.
Kihamba kile babu alikipokea kina migomba
ya mtoto kupotelea mchana kutwa.
Baba akapata theluthi ya hicho.
Sasa baba mkubwa Ndekirwa kashika kamba ya katani,
anahesabu hatua kutoka mfereji hadi kaburi la bibi,
anachomeka isale, anakohoa, anahesabu tena.
Wana wa kiume wanne. Mibuni arobaini na kitu.

Hakuna aliyeulizwa: ndogo, ya kati, kubwa?
Hakuna aliyeulizwa: wangapi?
Wapinzani wenyewe walikuwa wanakunywa mbege,
kata moja, wakipokezana,
huyu akimfuta yule povu mdomoni.

Mimi sikuhesabiwa. Nilikuwa napakua mtori.
Lakini nilisimama mlangoni na upawa mkononi,
nikatazama kwa macho yangu ya usiku:
Elifuraha, kwa ukubwa wake, kaupata mfereji.
Shukuru kapewa mteremko, masika itamla kidogo kidogo.
Kundaeli hana njia ya kutokea
ila apite kwa Elifuraha, kila siku, akiomba.
Na Elinami, kitinda mimba, kaachiwa nyumba na makaburi.

Ndogo, na wanne.
Nazijua hizi zinavyoisha.
Nikarudi jikoni, maana supu ilikuwa inapoa
na hakuna anayemuuliza mpakuaji habari za mipaka.

Usiku ule Elinami kanifuata mjini.
Hakugonga, alipita mlango wa uani.
Nikampisha kiti.
Akakaa mbele ya lile swali, mkono juu ya kipanya.
Nikasubiri aseme "ndogo, saba," kama kawaida yake.
Akaenda kubwa mno.
Wapinzani: akashuka saba, tano, tatu,
mmoja,
akabonyeza tena kushuka,
namba ikakataa.
Akabonyeza tena.

"Sufuri haimo," nikamwambia.
"Najua."

Akauacha mshale pale pale.
Tope la Uru lilikuwa limekauka kwenye viatu vyake,
likawa linabanduka, vipande, vipande,
juu ya sakafu niliyokwisha kuideki.