Sampuli

Bwana Nandonde hukohoa kabla ya kuona kosa,
kama jogoo apigaye mbawa kabla ya kuwika.
Nikikisikia kile kikohozi mlangoni pa ghala
vidole vyangu husahau kuhesabu.

"Enhe, Somoe. Na hii nini?"
Hii ni saba, mkuu.
"Saba gani haina mkia? Mnunuzi akisoma moja?
Umeandika kwa mguu?"

Hapo nimeshapokea magunia mia tatu na arobaini,
nimepima, nimechoma bambo, nimekata, nimeandika,
na mzee mmoja wa Mahuta amenishukuru kwa mikono miwili.
Yeye ameiona saba.

Kazi yangu ni kukata korosho.
Kilo moja ya sampuli naimwaga mezani,
naipasua moja moja,
nzima huku, changa huku,
zilizooza huku, zilizodungwa na mdudu huku,
kisha naandika mbovu ngapi, nzuri ngapi.
Hata gunia lililolowa mvua njia nzima kutoka Newala
lina haki ya kuhesabiwa nzima zake.
Mimi ananipasua kila asubuhi
na anahesabu mbovu tu.

Msimu wa kwanza nililia chooni.
Nilifungua bomba lifiche sauti;
bomba la Tandahimba, lini lilikuwa na maji?
Likaguna mara moja, likaniacha nasikika.

Msimu wa pili nikamchukia kwa bidii.
Nikawa namwigiza, wenzangu wacheke:
kikohozi, miwani puani, kalamu nyekundu sikioni.
Bi Nampunju alicheka mpaka akapaliwa na ming'oko.
Usiku, lakini, nilikuwa nacheka na nani?
Nililala na yeye kichwani, kalamu yake na vyote.

Msimu huu nimenunua daftari dogo.
Kila analosema naliandika kama lilivyo,
sijibu, sinuni,
jioni nalikata.
"Umeandika kwa mguu": ganda.
"Nyie mliosomea Mtwara mjini mnajiona": ganda, na utomvu wake.
"Ukimpa mkulima risiti isiyosomeka, umemwibia":
hii niliigeuza mara mbili chini ya taa.
Hii ina kiini.
Kesho yake saba zangu zikaota mkia.
Naye akahamia kwenye tisa.

Nimejifunza pia kusema, nikiwa nimesimama,
"Mkuu, nionyeshe mstari,"
kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi.
Siku ya kwanza magoti yalicheza.
Akapekua kurasa nne, akarudi ya pili, akakohoa.
"Kwa ujumla," akasema.
Kwa ujumla siwezi kurekebisha, mkuu. Mstari naweza.
Akaondoka.
Hakubadilika, nisiwadanganye.
Jumatatu alikuja na kikohozi chake, kimeoga na kunyoa.

Jana wameniletea kijana mpya,
Shaweji, wa Kitangari, kalamu tatu mfukoni na haraka.
Korosho ya kwanza akaiponda.
Ya pili ikaruka mpaka chini ya mizani.
Ya tatu akaibana, utomvu ukamrukia kidoleni,
na mimi nikaisikia kooni mwangu, inapanda:
ehem.

Kikohozi. Changu.
Na nyuma yake, limeshajipanga, "Na hii nini?"

Nikakimeza. Kiliwasha kuliko utomvu.
Nikamtazama mikono: mikavu, mitupu.
Siku yangu ya kwanza hapa hakuna aliyeniambia kitu;
nilibabuka wiki mbili, nikaandikwa mzembe.

Nikalisukuma kopo la mafuta upande wake.
"Paka kwanza," nikasema, "mpaka katikati ya vidole.
Kisha kata.
Na nzima uzihesabu pia."