Mkokoteni Mtupu

Mwezi wa sita, mtama ulipokwisha kuingia ghalani,
nilifunga punda wanne kwenye mkokoteni mtupu
nikawaambia: haya, kimbieni.
Hawakukimbia.
Waligeuza shingo, wote wanne,
wakatafuta gunia.

Punda wa Gulwe hajui mwendo usio na mzigo.
Kakulia chini ya madumu, kakomaa chini ya mkaa;
leo umwambie safari ni safari tu,
anakuona umerogwa.

Basi nikapakia madebe manane ya mchanga,
na kila Jumapili, tukitoka ibadani, nikapunguza moja.
Ndahani, mtoto wa dada yangu, alishika daftari na saa.
"Mamdogo," aliuliza, "mchanga tunaurudisha wapi?"
Mtoni, mwanangu. Ni wa mto.

Wenyewe ni hawa:
Diwani, anayeahidi kwa masikio
na miguu ikabaki palepale.
Kifusi, mwoga wa mifuko ya plastiki.
Bikizee, jino halitoshi kutafuna bua,
lakini kila shimo la Kinyasungwe analijua kwa kwato.
Na Risiti, niliyemnunua mnadani Mpwapwa,
wa pekee katika ukoo wetu mzima
mwenye karatasi iliyopigwa muhuri.

Saa kumi alfajiri tulikuwa mtoni,
mto wenyewe umelala chali, hauna tone,
baridi ya mwezi wa saba ikichana midomo
hata mluzi ukatoka na damu.
Mmoja, kulia. Miwili, kushoto.
Wa kusimama sikuwafundisha;
huo walizaliwa nao.
Mikanda ilikuwa ya viti vya basi bovu,
nimeishona kwa sindano ya magunia,
ndani blanketi, isije ikachubua.
Jioni, kwato: kisu butu, mafuta ya alizeti,
mashudu kiganjani kwa aliyenivumilia.

Risiti alikuwa na lake.
Tukifika kwenye gogo lililoletwa na mafuriko ya mwaka juzi
alisimama kukojoa.
Mluzi, matusi, kubembeleza, si kitu.
Wenzake wakajifunza kumngoja,
wakitazama pembeni, kwa adabu.

Mwezi wa tisa nilimwaga debe la mwisho.
Hakuna aliyegeuza shingo.
Mkokoteni uliruka kama kifuniko cha sufuria,
Ndahani akang'ata ulimi, akacheka na ulimi wake,
na treni ya mizigo ikapita darajani juu yetu
polepole, na mabehewa yake yote,
kama jamaa asiyejua kwamba mambo yamebadilika.

Usiku wa kuamkia Jumanne kamba ilikatwa.
Haikukatika. Ilikatwa.
Watu wa ngozi wana visu vizuri.
Kituoni nilitoa karatasi.
Askari akaisoma mbele, akaisoma nyuma:
"Mama, mbona risiti unayo."
Ninayo, afande.
Akaniandikia karatasi nyingine.

Siku ya mashindano ilifika mikokoteni mitano.
Zawadi: bati kumi na jiwe la chumvi.
Mbeleje wa Godegode alikuja na punda sita, wamepigwa brashi.
Mimi na watatu wangu, na mkanda mmoja unaning'inia,
mkokoteni ukivutia kushoto
kama mtu mwenye jiwe kiatuni.
Punda afe mzigo ufike, husema wenye mizigo.
Sisi hatukuwa na mzigo.
Tuliondoka kama tumeitwa.

Kwenye kona ya pili tulikuwa mbele. Niamini:
mbele, na vumbi lote nyuma yetu.
Ndipo likaja lile gogo.

Walisimama.
Watatu wote. Wakatazama pembeni.
Nilikusanya midomo nipige mluzi,
nikaiachia.
Mbeleje akapita, na wa pili akapita,
mmoja akanitukania mama.
Walingoja muda wote anaohitaji punda jike,
kisha Bikizee akavuta, bila kuambiwa.

Bati zilikwenda Godegode.
Ndahani akaloanisha kalamu kwa ulimi wenye kidonda,
akauliza aandike dakika ngapi.
Zote, nilimwambia.
Na zile za kwenye gogo.